Carey Francis: Mwalimu wa hesabu aliyeufanya uga wa kabumbu kuwa darasa

KILA muhula wa michezo unapobisha hodi katika shule za upili za Ogembo na viunga vyake, mjadala huwa ni uleule. Nani anastahili kuvaa jezi ya shule? Je, ni mwanafunzi aliyeingia kwa alama zake na kuketi darasani tangu mwanzo, au ni kijana aliyehamishwa kutoka kaunti jirani miezi michache kabla ya mashindano, karo yake ikalipwa na wasiojulikana, kwa sababu tu mguu wake wa kushoto huwatia mabeki kiwewe?

Katika nchi ya Gusii, hili si suala dogo. Huku ndiko nyumbani kwa Shabana, klabu iliyorejea katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2023 na kuujaza tena Uwanja wa Gusii mashabiki wenye nyimbo na vifijo. Mzazi wa Ogembo anayemwona mwanawe akilisukuma gozi kwenye uga ulio juu ya bonde la mto Gucha anajua kwamba kipaji kinaweza kumfikisha mbali. Anajua pia kwamba kipaji hicho kinaweza kutumiwa na watu wazima kwa msimu mmoja au miwili, kisha kijana akaachwa bila kombe na bila cheti.

Kanuni za michezo ya shule nchini Kenya zinawakataza wachezaji waliopita umri, na zinadai stakabadhi za wale waliohama. Hata hivyo, malalamiko kuhusu mamluki hayajawahi kukoma. Makocha hulaumu walimu wakuu, nao walimu wakuu hulaumu wazazi na wadhamini. Swali lililo chini ya lawama hizo zote ni moja: shule hucheza kabumbu kwa ajili gani?

Yupo mtu mmoja aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake yote, ingawa hakuwa kocha wa kulipwa wala hakuwahi kuongoza klabu ya ligi. Huyu ni Edward Carey Francis, mwalimu wa hesabu kutoka Uingereza aliyekaa Kenya kwa miaka 38, akaziongoza shule za Maseno na Alliance, na kufariki mwaka wa 1966. Jina lake hutajwa zaidi panapozungumzwa mitihani na viongozi aliowalea. Mchango wake katika namna shule zetu zinavyoiona michezo hutajwa kwa nadra, ilhali ndio unaoyagusa zaidi malumbano ya leo.

Kutoka Hampstead hadi Cambridge

Francis alizaliwa Hampstead, jijini London, tarehe 13 Septemba, 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis, ambako alionyesha mapema vipaji viwili vilivyomfuata hadi uzeeni: akili ya hesabu na mapenzi ya michezo. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, alikuwa kijana wa rika lililopelekwa moja kwa moja kutoka dawati hadi mahandaki. Alihudumu kama afisa wa jeshi la mizinga nchini Ufaransa, na alikuwa miongoni mwa waliobahatika kurudi.

Baada ya vita alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, akafuzu katika hesabu kwa daraja la juu kabisa, kisha akateuliwa kuwa mhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Mnamo 1928 alichapisha kitabu cha mazoezi ya hesabu za juu kwa ushirikiano na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Kwa kila kipimo, njia ya uprofesa ilikuwa wazi mbele yake. Mwaka huohuo wa 1928 aliiacha. Alijitolea kwa shirika la kimishonari la CMS la Kanisa la Anglikana, akapanda meli kuja Kenya kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wavulana ya Maseno, kwa malipo madogo ya mmishonari. Hakuoa maisha yake yote.

Ili kumwelewa mtu huyu uwanjani, ni sharti kuyaelewa mazingira aliyotoka. Miaka 100 kamili kabla ya Francis kukanyaga Maseno, yaani mwaka wa 1828, Thomas Arnold aliteuliwa kuwa mkuu wa shule ya Rugby nchini Uingereza. Arnold na hasa wale waliomfuata walieneza imani kwamba kazi ya kwanza ya shule ni kujenga tabia. Kufikia nusu ya pili ya karne hiyo, michezo ilikuwa imepewa nafasi karibu sawa na ibada katika shule za mabweni za Waingereza. Chama cha Kandanda cha Uingereza kiliundwa mwaka wa 1863, na mwaka wa 1885 kikakubali wachezaji walipwe. Tangu hapo mchezo ukawa na njia mbili: ile ya klabu, ambako mchezaji hununuliwa na kuuzwa, na ile ya shule, ambako mchezaji ni mwanafunzi kwanza.

Francis aliamini njia ya pili bila shaka yoyote, na ndiyo aliyoileta Nyanza.

Maseno: Uga kando ya kanisa

Maseno ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka wa 1906, karibu na mstari wa Ikweta. Mkoa wa Nyanza wa siku hizo ulikuwa mpana, ukianzia mpaka wa Uganda hadi milima ya Gusii, iliyokuwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini. Elimu ndani ya mkoa huo iligawanywa kwa madhehebu. Waanglikana walikuwa Maseno, Wakatoliki Yala, Wakweka Kaimosi, nao Waadventista wa Sabato walikuwa na shule zao Kamagambo na Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na shule zake Kakamega na Kisii.

Kwa hivyo mechi ya shule na shule haikuwa mchezo mtupu. Ilikuwa pia mashindano ya kanisa na kanisa, na ya eneo na eneo. Mbegu ya ushindani unaowaka hadi leo katika michezo ya shule za magharibi mwa Kenya ilipandwa katika udongo huo. Hata suala la mechi za Jumamosi, ambalo bado huwatia tumbo joto waandalizi wa michezo katika Gusii yenye Waadventista wengi, lina mizizi yake katika mgawanyo huo wa kimisheni.

Katika mazingira hayo, mwalimu mkuu mpya wa Maseno aliisuka upya shule. Kengele ilitawala siku nzima. Kulikuwa na ibada, usafi wa mabweni, masomo, kazi ya mikono na, alasiri, michezo. Mkono wake ulikuwa mzito. Alitumia kiboko, na hakusita kumfukuza mwanafunzi aliyeona anaiharibu shule. Lakini alikuwa mtu wa kuwapo. Aliishi na wanafunzi, akawajua kwa majina, na michezo yao aliitazama kwa makini yaleyale aliyoyatia katika daftari zao za hesabu.

Ni vyema kukumbuka kwamba katika shule za aina hii hapakuwa na kocha kama tumjuavyo leo. Aliyefundisha mchezo alikuwa mwalimu wa darasani, na hakupokea malipo ya ziada. Nahodha alikuwa mwanafunzi aliyepewa dhamana halisi ya kuwaongoza wenzake. Mpira wenyewe ulichezwa kwa miguu mitupu, kama ilivyokuwa kwa wachezaji wengi wa Afrika Mashariki hadi miaka ya 1950. Nje ya shule, mchezo ulikuwa ukikua kwa kasi. Kombe la Gossage, lililozikutanisha Kenya na Uganda, lilianza mwaka wa 1926, miaka miwili tu kabla ya Francis kuwasili. Kampuni, reli na polisi walihitaji wafanyakazi waliojua kusoma na pia kulicheza gozi, na shule za misheni za Nyanza zilikuwa chemchemi ya watu wa namna hiyo.

Hapo ndipo msimamo wa Francis unapoonekana. Kwake, vijana kufuzu kutoka uwanjani hadi kazini lilikuwa jambo jema, lakini halikuwa lengo. Lengo lilikuwa kumfundisha kijana kufuata kanuni hata mwamuzi asipomwona, kumtii nahodha aliye rika lake, na kushindwa bila kutafuta visingizio. Aliyeshindwa kwa haki alikuwa amejifunza somo, na aliyeshinda kwa hila alikuwa amefeli.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari

Ili msomaji aone uzito wa uamuzi huo, na atazame mji mmoja wa Marekani katika miaka hiyohiyo. Huko Massillon, jimbo la Ohio, kijana aitwaye Paul Brown aliteuliwa mwaka wa 1932 kuwa kocha wa shule ya upili ya Washington. Mchezo wao ni kandanda ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wa yai, lakini suala ni lile la Ogembo. Brown alikaa hapo hadi 1940. Timu yake ilishinda mechi 80, ikatoka sare mbili na kupoteza nane pekee.

Mji mzima uligeuka kuwa wa timu. Shule za chini zilifundisha mbinu zilezile za kocha mkuu, ili mtoto afikapo shule ya upili awe tayari ameiva. Uwanja mkubwa ulifunguliwa mwaka wa 1939, na watoto wa kiume wa mji huo wakazoea kuwekewa mpira mdogo kitandani siku ya kuzaliwa. Brown aliendelea hadi chuo kikuu, kisha akawa kocha wa kwanza wa klabu ya kulipwa ya Cleveland Browns, iliyobeba jina lake.

Hayo ni mafanikio ya kweli, na si haki kuyabeza. Vijana wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma walipata heshima na, baadhi yao, nafasi za chuo. Lakini pamoja na mafanikio hayo ulikuja mjadala ambao Wamarekani hawajaumaliza hadi leo: familia zinazohama mtaa kwa sababu ya mpira, shule zinazoshutumiwa kuwanasa watoto wa shule nyingine, na vyama vya michezo vinavyotunga kanuni mpya kila mara ili kuziba mianya. Anayesoma malumbano hayo ya Ohio anaweza kudhani anasoma kuhusu kaunti za Kisii na Nyamira.

Maseno na Massillon, kwa hivyo, zilikuwa na walimu wawili wenye bidii katika miaka ileile. Mmoja aliijenga shule kuizunguka timu, naye mwingine aliiweka timu ndani ya shule.

Alliance: Kila mvulana na mchezo wake

Mwaka wa 1940 Francis alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, iliyokuwa imefunguliwa Machi 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Alimrithi G. A. Grieves, mwalimu mkuu wa kwanza. Alibaki hapo kwa miaka 22, na huko ndiko alikojijengea jina ambalo Wakenya wanalikumbuka.

Utaratibu wa michezo wa Alliance ulitegemea mabweni. Mabweni yalishindana katika kabumbu, riadha na hoki, na kwa sababu hiyo mchezo haukuwa mali ya wachezaji 11 wa timu kuu. Mvulana ambaye asingepata kamwe kuichezea shule alipata kulichezea bweni lake. Mwembamba na mnene, mwenye kipaji na asiye nacho, wote walikuwa na siku ya kuingia ugani na watu wa kuwashangilia. Timu ya shule ilichipuka kutoka humo.

Hili ni jambo linalostahili kuzingatiwa na walimu wa leo. Katika shule nyingi za sasa, bajeti ya michezo huishia kwa kikosi kimoja cha vijana 18 au 20, huku mamia ya wenzao wakibaki kuwa mashabiki. Kocha hupimwa kwa idadi ya makombe yaliyo katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hakuna anayeuliza ni wanafunzi wangapi waliogusa mpira muhula mzima.

Francis alifundisha hesabu muda wote huo, na vitabu vyake vya hesabu za shule za msingi, vilivyojulikana kwa jina la Highway Arithmetics, vilitumiwa kwingi Afrika Mashariki. Matokeo ya Alliance katika mitihani ya Cambridge yaliiweka shule hiyo mbele ya shule zote za Waafrika nchini. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni wanasiasa kama Ronald Ngala, Jeremiah Nyagah na Kenneth Matiba. Matiba ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Shirikisho la Kandanda la Kenya katika miaka ya 1970.

Uwanja wenye mipaka

Hata hivyo, itakuwa ni kumpaka mafuta marehemu kwa mgongo wa chupa tukisema uga wa Francis ulikuwa wa haki tupu. Kenya ya wakati huo iligawanywa kwa rangi, na michezo iligawanywa vivyo hivyo. Wazungu walikuwa na shule zao, Prince of Wales iliyofunguliwa mwaka wa 1931 na Duke of York ya mwaka wa 1949, ambako raga ilikuwa mfalme. Waafrika waliachiwa kabumbu. Katika miaka ya 1950 Alliance ilikutana na Prince of Wales uwanjani, na kwa saa moja na nusu kijana Mwafrika aliweza kusimama mbele ya mwana wa mlowezi chini ya kanuni moja. Filimbi ya mwisho ilipolia, kila mmoja alirudi kwenye sheria zake. Francis aliamini usawa wa ugani ungefungua polepole usawa wa maisha. Wengi wa wanafunzi wake hawakuwa na subira hiyo.

Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma Maseno chini yake na baadaye akarejea huko kufundisha, ni mfano bora. Alimheshimu mwalimu wake kwa uadilifu na bidii, lakini akakataa imani kwamba Mwafrika alipaswa kungoja hadi Mzungu aamue kwamba amekomaa. Kitabu cha Odinga cha mwaka wa 1967, Not Yet Uhuru, kinambeba Francis kwa mizani ya namna hiyo. Francis mwenyewe aliwashuku wanasiasa wa uhuru, na aliona siasa kama kitu kinachomvuruga kijana kabla hajaiva.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Alliance ilijikuta katikati ya moto. Wanafunzi wengi walikuwa na ndugu msituni, kizuizini au miongoni mwa askari wa nyumbani. Francis aliipinga Mau Mau kwa moyo wote. Lakini hakunyamaza alipoona ukatili wa majeshi ya serikali, naye aliulalamikia kwa wakubwa. Zaidi ya yote, aliendelea kuifungua shule. Ngugi wa Thiong'o, aliyejiunga nayo mwaka wa 1955 huku kaka yake akiwa msituni, alieleza miaka hiyo katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka wa 2012. Humo, shule inaonekana kama kisiwa chenye usalama na masomo, lakini kisiwa kilichozungukwa na vijiji vilivyochomwa.

Basi mwanafunzi wa Francis alifundishwa kucheza kwa haki ndani ya nchi isiyokuwa na haki. Wapo walioona ni unafiki. Wapo pia waliolichukua somo hilo na kulitumia kuihukumu serikali iliyolileta. Kijana aliyezoea kwamba kanuni ni moja kwa timu zote mbili hakuona sababu ya kuikubali nchi yenye kanuni mbili.

Usajili wa akili

Kuna jambo lingine ambalo wanaomsifu Francis hulisahau, nalo ndilo linalomkaribisha zaidi katika mjadala wa Ogembo. Alliance haikusajili miguu, lakini ilisajili vichwa. Kila mwaka, kwa njia ya mitihani, ilichota wanafunzi bora kutoka kila pembe ya koloni. Shule za wilaya ziliwalea watoto hao kwa miaka kadhaa, kisha zikawaona wakipanda gari moshi kuelekea Kikuyu. Sifa za mwisho zilienda kwa shule iliyowapokea.

Je, kuna tofauti gani kati ya hilo na shule kubwa ya leo inayomchukua mshambuliaji kutoka shule ya kutwa ya Ogembo? Mwalimu wa michezo wa shule ndogo, aliyemfundisha kijana tangu hajui kuutuliza mpira, huachwa na pengo mbele na hakuna anayemkumbuka. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Lakini akishaondoka kwao, ni nani amtunze aliyemfunza?

Tofauti ipo, na ni vyema kuisema waziwazi. Mvulana aliyechukuliwa na Alliance alichukuliwa kwa ajili ya kile ambacho shule ipo kukitoa. Alipewa masomo, na alipoondoka alikuwa na cheti. Mlango aliopitia ulikuwa wa mtihani, wenye kanuni zilizojulikana na wote, na haukufunguliwa usiku kwa mtu mmoja. Kijana anayehamishwa kwa sababu ya mpira mara nyingi huahidiwa karo bila kuahidiwa mwalimu. Akivunjika mguu, au shule ikiondolewa mashindanoni mapema, ahadi hiyo huyeyuka kama umande.

Ingawa tofauti ipo, lawama haimwepuki Francis kabisa. Mfumo aliouongoza uliwazoesha Wakenya kuamini kwamba shule bora ni ile inayoweza kuwakusanya walio bora, badala ya ile inayoweza kuwainua iliowapata. Imani hiyo ilianzia katika mitihani. Leo imeenea hadi ugani.

Pumwani: Jibu la mwisho

Pengine yeye mwenyewe aliliona jambo hilo. Mwaka wa 1962, akiwa na umri wa karibu miaka 65, Francis alistaafu uongozi wa Alliance. Wengi walitarajia arudi Uingereza kupumzika. Badala yake alihamia mashariki mwa Nairobi na kuwa mwalimu wa kawaida katika shule ya upili ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Mtu aliyeongoza shule iliyochagua walio bora kuliko wote alikwenda kuwafundisha watoto ambao hakuna shule kubwa iliyokuwa imewachagua.

Hakuwa tena na mamlaka. Hakuwa mwalimu mkuu, na kengele haikulia kwa amri yake. Alisahihisha daftari na kufundisha hesabu kama mwalimu mwingine yeyote, katika nchi ambayo mwaka wa 1963 ilipata uhuru na kuwakabidhi wanafunzi wake wa zamani viti vya uwaziri. Kufikia katikati ya 1966 wanafunzi hao walikuwa wamegawanyika. Odinga alikuwa amejiuzulu kama Makamu wa Rais na kuunda chama cha KPU, huku wengine wakibaki katika serikali ya KANU.

Carey Francis alifariki tarehe 27 Julai, 1966, bado akiwa mwalimu wa Pumwani. Alizikwa Alliance, katika ardhi ya shule aliyoijenga. Hakuacha mke wala mtoto, wala mali ya kutajika.

Miaka 60 baadaye, mambo mengi yamebadilika. Michezo ya shule sasa hufika hadi mashindano ya Afrika Mashariki, na maskauti wa klabu huketi kandokando ya uga wakiwa na kalamu na simu. Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia sekondari ya juu Januari 2026, umeitambua michezo kuwa mkondo wa masomo pamoja na sanaa. Kwa mara ya kwanza, mtoto mwenye kipaji cha kabumbu anaweza kuhamia shule nyingine kwa sababu ya mchezo na bado akawa anafuata masomo kihalali. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini pia ni mlango mpana ambao mamluki wanaweza kupitia wakiwa wamevaa sare.

Ndiyo maana maswali ya mwalimu yule mkali wa hesabu bado yana kazi. Mwalimu mkuu wa Ogembo anayepokea kijana mwenye kipaji kutoka shule ya jirani anaweza kujiuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Je, kijana huyu angepokewa kama asingejua mpira? Je, ataendelea kulipiwa karo na kufundishwa akiumia kesho? Na wale vijana mia kadhaa ambao hawatachaguliwa kamwe, je, wana mpira na uga wa kuchezea alasiri ya leo?

Shule inayoweza kuyajibu maswali hayo bila kuinamisha macho ina timu, hata isipofika fainali za kaunti.